Kulea si Kuangalia: Uhakiki wa Taswira ya Mzazi Asiyeona katika Lugha, Simulizi na Sheria

Ikisiri

Makala haya yanahakiki taswira ya mzazi asiyeona katika msamiati na methali za malezi, katika simulizi nne zinazosomwa kwa Kiswahili, na katika vifungu vya sheria vinavyomhusu. Hoja kuu ni kwamba lugha na simulizi zimezoea kuyafananisha malezi na utazamaji. Kutokana na mazoea hayo, mzazi asiyeona huonekana kuwa mtu wa kulelewa, na mtoto wake huonekana kuwa fimbo yake. Makala yanaonesha kwamba simulizi zenyewe, zikisomwa kwa makini, zinaipinga picha hiyo, na kwamba msaada anaostahili mzazi huyo ni ule unaomwezesha kulea, si ule unaomwondoa katika ulezi.

1.0 Utangulizi

Katika barabara za miji ya Afrika Mashariki kuna picha iliyozoeleka: mtu mzima asiyeona ameshika ncha moja ya fimbo, na mtoto ametangulia akiwa ameshika ncha ya pili. Mpita njia humhurumia mtu mzima na kumsifu mtoto. Ni nadra kwa mpita njia huyo kujiuliza ni nani aliyempikia mtoto uji asubuhi, ni nani aliyekesha naye alipopata homa, na ni nani aliyemfundisha kusalimia wakubwa. Picha hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Inamwonesha mzazi akiongozwa, haimwoneshi akilea.

Nusu hiyo iliyofichwa ndiyo inayoshughulikiwa hapa. Uhakiki wa ulemavu katika fasihi umekwishaonesha kwamba wahusika wenye ulemavu ni wengi katika simulizi za ulimwengu, ila mara nyingi hawapo kwa ajili yao wenyewe. Mitchell na Snyder, katika kazi yao ya mwaka 2000, wanaeleza kwamba simulizi huutumia ulemavu kama mkongojo: huuegemea ili isonge mbele, kisha huutupa pindi mgogoro unapotatuliwa kwa uponyaji, kwa kifo au kwa kusahauliwa. Sambamba na hoja hiyo, modeli ya kijamii ya ulemavu, iliyopewa jina hilo na Mike Oliver katika miaka ya 1980, inatenganisha upungufu wa mwili na vikwazo vinavyowekwa na jamii. Makala haya yanaiunganisha mitazamo hiyo miwili kwa swali moja: je, kinachomzuia mzazi asiyeona kulea ni macho yake, au ni namna malezi yalivyofikiriwa na wenye kuona?

2.0 Jicho katika msamiati wa malezi

Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kuitaja kazi ya kumtunza mtoto. Mama anayetoka kwenda gengeni humwambia jirani, "Niangalizie mtoto." Maofisa wa ustawi wa jamii husema kwamba mtoto yuko "chini ya uangalizi" wa mtu fulani. Kitenzi kinachotumika katika mifano hii ni kitenzi cha macho. Mzungumzaji hakusudii kusema kwamba kumtunza mtoto ni kumkodolea macho, lakini mazoea ya lugha hujenga mazoea ya fikra. Palipo na "kuangalia" pekee, asiyeona huwa amekwishaondolewa kabla mjadala haujaanza.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina akiba nyingine. Mama yuleyule huweza kusema, "Nishikie mtoto," na hapo kazi imehama kutoka machoni kwenda mikononi. Kitenzi kikuu cha uwanja huu, "kulea", hakina jicho ndani yake. Kutokana nacho tunapata mlezi, ulezi na malezi, maneno yanayobeba maana ya kulisha, kukuza, kuonya na kuadilisha. Methali kongwe za malezi zinakwenda mkondo huo. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea" inatilia mkazo juhudi ya muda mrefu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inatilia mkazo mwenendo. "Mkono mmoja haulei mwana" inaweka wazi kwamba kiungo cha malezi ni mkono, na kwamba hakuna mzazi yeyote, awe anaona au haoni, anayejitosheleza.

Methali zinazoutaja upofu au ulemavu kwa ujumla zina mwelekeo tofauti. "Mwenye macho haambiwi tazama" inayafanya macho kuwa kipimo cha akili. "Hujafa hujaumbika" ina nia njema, kwani inamkataza msikilizaji kucheka aliyepatwa. Lakini anayezungumziwa ndani yake ni yule ambaye bado hajapatwa. Mwenye ulemavu amekuwa funzo kwa mwingine, hakupewa nafasi ya kuwa mtu mwenye majukumu yake. Hakuna mgongano kati ya makundi haya mawili ya methali hadi mtu mmoja anapokuwa asiyeona na mzazi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo jamii huchagua itumie methali ipi, na mara nyingi huchagua ya macho.

Mabadiliko ya istilahi kutoka "kipofu" hadi "mtu asiyeona" au "mwenye ulemavu wa kuona" yamesaidia kurejesha neno "mtu" mahali pake. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Mtu anaweza kuitwa kwa jina la heshima huku akiendelea kunyimwa mtoto wake.

3.0 Baba wanne wasioona

Simulizi zilizoteuliwa hapa zinafahamika kwa wasomaji wa Kiswahili kupitia Biblia, Kurani na tafsiri ya tamthilia ya Kiyunani. Ni simulizi za Isaka, Yakubu, Tobiti na Edipode.

Isaka katika Mwanzo 27 husomwa kwa kawaida kama ushahidi kwamba baba asiyeona hudanganywa kwa urahisi. Usomaji wa makini unaonesha jambo tofauti. Mzee huyu anamhoji mwanawe, anashangaa jinsi mawindo yalivyopatikana upesi, anampapasa, anamuuliza tena, anakula, kisha anamkaribisha na kunusa mavazi yake. Hizo ni njia kadhaa za kuhakiki utambulisho wa mtu, na ya kwanza kutoa jibu sahihi ni sikio: Isaka anatamka wazi kwamba sauti ni ya Yakobo. Udanganyifu unafaulu kwa sababu Rebeka, mwenye kuona na mwenye kumjua mumewe, ameandaa ngozi za wana-mbuzi kwa ajili ya vidole na mavazi ya Esau kwa ajili ya pua. Kwa maneno mengine, aliyeshindwa hapa si baba asiyejua kulea bali ni familia iliyogeuza maarifa yake ya mwili wa mzee kuwa mtego. Uaminifu wa walio karibu ndio uliokosekana, na jambo hilo ni la msingi katika mjadala wa msaada: mzazi asiyeona anahitaji watu wasioutumia upofu wake.

Yakobo mwenyewe anakuja kuwa baba wa aina hiyohiyo. Katika Mwanzo 48 macho yake yamefifia kwa uzee, na anapowabariki wana wa Yusufu anaipishanisha mikono yake. Yusufu anadhani baba amekosea na anataka kuusogeza mkono. Mzee anakataa na kusisitiza kwamba anajua anachokifanya. Katika Sura ya Yusuf ndani ya Kurani, Yakubu anapoteza uoni kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Msafara unapotoka Misri ukiwa na kanzu ya Yusufu, yeye anaihisi harufu ya mwanawe kabla kanzu haijafika, na walio pembeni yake wanamwambia kwamba bado yumo katika upotevu wake wa zamani. Katika mapokeo yote mawili muundo ni mmoja: mwenye kuona anasahihisha, asiyeona anajua. Hata hivyo mhakiki anapaswa kujihadhari. Harufu anayoihisi Yakubu ni karama ya nabii. Kuichukua kama sifa ya kila asiyeona ni kuingia katika dhana nyingine potofu, ile ya mtu asiyeona mwenye vipawa vya ajabu. Mzazi wa kawaida asiyeona hahitaji muujiza ili aaminiwe. Mkono uliopishanishwa ni mfano bora zaidi, kwa kuwa ni uamuzi wa kawaida wa mzazi anayekataa kuamuliwa na mwanawe.

Tobiti, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia ya Kikatoliki, anapofuka kwa kinyesi cha ndege. Mkewe Ana anafanya kazi za mikono kwa ujira, na siku anapoleta mwana-mbuzi nyumbani, Tobiti anausikia mlio na kumshuku kwamba ameiba. Tukio hili dogo linafaa kuzingatiwa kuliko inavyofanyika. Linaonesha jinsi utegemezi wa kipato unavyoweza kumfanya mtu mzima kuwa mkali na mwenye shaka, bila kumwondolea ubaba wake. Sura ya nne nzima imejaa wasia wa Tobiti kwa mwanawe kuhusu wazazi, sadaka, ndoa na ujira wa mfanyakazi. Malezi ya Tobiti yamo katika sauti. Lakini simulizi haiwezi kumwacha hivyo. Inamleta mwana na nyongo ya samaki, na baba anapona. Hali ni hiyohiyo kwa Yakubu na kanzu. Mkongojo wa Mitchell na Snyder unatupwa, na msomaji anaachwa na hisia kwamba furaha ya familia haikuweza kukamilika kabla macho hayajafunguka.

Edipode, katika tamthilia ya Sofokile inayofahamika kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, anabaki bila kuona. Mwishoni, baada ya kujitoboa macho, anaomba awaguse binti zake wawili. Analetewa, anawashika, anawalilia kwa ajili ya maisha yao yajayo, kisha Kreoni anamwamuru awaachie. Kinachowaondoa watoto hao mikononi mwake ni aibu ya nasaba na kuanguka kwake kutoka katika mamlaka, wala si upofu peke yake. Hata hivyo picha inayobaki jukwaani ni ya mzazi asiyeona anayenyang'anywa watoto huku mikono yake ingali imewashika. Katika tamthilia nyingine ya Sofokile kuhusu uzee wake, binti huyohuyo amekuwa kiongozi wa njia yake. Mtoto aliyenyang'anywa kama wa kulelewa anarudi kama fimbo.

4.0 Mama asiyekuwemo

Wazazi wote wanne ni wanaume, na mgogoro wa kila mmoja uko katika baraka, urithi, wasia au heshima. Hakuna anayemnyonyesha mtoto, anayemwogesha, wala anayempima homa usiku. Mama asiyeona mwenye mtoto mchanga hayumo. Pengo hili si la bahati mbaya, na linatia uchungu zaidi likilinganishwa na hali halisi ya ugonjwa wa trakoma, unaoitwa pia vikope. Ugonjwa huu huenea kwa mikono, nguo na nzi wanaogusa majimaji ya macho na pua ya aliyeambukizwa, na watoto wadogo ndio wenye maambukizi mengi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu inayodhaniwa kuwa ni ukaribu wao na watoto. Kongwa, mkoani Dodoma, ni miongoni mwa maeneo ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa miaka mingi. Kwa wanawake kama hao malezi yanaweza kuwa ndiyo yaliyoyachukua macho. Kumwambia mama wa namna hiyo kwamba hawezi kulea kwa kuwa haoni ni kumnyima kazi ileile iliyomgharimu uoni.

Maarifa ya akina mama na akina baba hawa yapo, ingawa fasihi haijayapa nafasi. Mtoto mchanga hufungwa mbeleko mgongoni au kifuani, na pumzi yake na joto lake husikika moja kwa moja mwilini. Anapoanza kutambaa na kutembea, njuga au kengele ndogo mguuni humwambia mzazi alipo. Wakati wa kulisha, kidole kimoja hukaa karibu na kidevu cha mtoto ili kijiko kisikose njia. Dawa ya maji hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililotiwa alama ya kuparuza mahali kipimo kinapoishia. Maji ya kuchanganyia dawa ya kuharisha hupimwa kwa chupa inayojulikana kuwa ya lita 1. Nguo hutambulishwa kwa kifungo au fundo. Hakuna uchawi katika mbinu hizi. Ni ustadi unaofundishika, na kila mzazi anayeanza bila mwalimu hulazimika kuugundua upya akiwa peke yake.

Penye kikwazo kikubwa mara nyingi si mtoto bali ni karatasi. Kadi ya kliniki huonesha ukuaji wa mtoto kwa mchoro. Tarehe ya chanjo huandikwa kwa kalamu. Ripoti ya shule hutolewa kwa chapa. Ujumbe wa mwalimu huja kwa maandishi ambayo mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye humsomea mzazi. Hapo mamlaka yanageuka: mtoto aliyepata alama mbaya ndiye msomaji wa alama hizo, na mtoto huyohuyo ndiye anayejua salio la fedha na siri za simu ya mama. Nukta nundu, simu yenye programu ya kusoma kwa sauti, na muuguzi anayesoma kadi kwa sauti kisha kumwachia mama akumbuke au arekodi, vyote hivi ni msaada wa malezi ingawa kwa kawaida havihesabiwi hivyo.

5.0 Sheria inasema nini

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unalizungumzia suala hili katika Ibara ya 23. Ibara hiyo inazitaka nchi kuwapa watu wenye ulemavu msaada unaofaa katika kutekeleza majukumu yao ya kulea watoto, na inakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wa mtoto au wa mzazi. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu ya msingi: nchi isiyotoa msaada wa kwanza huandaa mazingira ya utenganisho wa pili.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja wajibu wa mzazi kwa mapana: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Ukiipitia orodha hiyo kitu kwa kitu, hukuti wajibu hata mmoja unaotekelezwa kwa jicho pekee. Kila mmoja unadai kipato, taarifa, muda na watu. Kwa hiyo sheria, tofauti na mazoea ya lugha, imeyaelewa malezi kama kulea. Upungufu uko katika hatua inayofuata. Huduma kwa watu wasioona huelekezwa zaidi kwenye elimu, matibabu na ajira. Hizo zote zinastahili, lakini zinamwona mhusika kama mwanafunzi, mgonjwa au mfanyakazi. Mzazi hapati mlango wake.

Madhara ya kutokuwepo kwa mlango huo yanaweza kuonekana hata katika nchi zenye rasilimali nyingi. Mwaka 2010, katika jimbo la Missouri, Marekani, mtoto mchanga aliondolewa kwa wazazi wake, wote wawili wasioona, baada ya tatizo la siku za kwanza za kunyonyesha, na alirejeshwa baada ya siku 57. Ugumu wa kunyonyesha kwa mara ya kwanza humpata mama yeyote. Mwenye kuona huelekezwa na mkunga. Hao waliondolewa mtoto. Katika nchi hiyohiyo, shirika la Through the Looking Glass la Berkeley, California, limekuwa likiwasaidia wazazi wenye ulemavu tangu mwaka 1982, pamoja na kuwabunia vifaa vya kumhudumia mtoto. Mifano hii miwili kutoka nchi moja inaonesha kwamba tofauti haimo katika utajiri, imo katika swali linaloulizwa mwanzoni: "Je, huyu anaweza?" au "Je, huyu anahitaji nini ili aweze?"

6.0 Pingamizi la usalama

Huenda ikajengwa hoja kwamba msimamo huu unapuuza usalama wa mtoto. Moto, kisima na barabara havisubiri nadharia. Pingamizi hilo ni zito na halipaswi kujibiwa kwa kauli za kujifariji. Ni kweli kwamba kuna hatari ambazo jicho huzigundua mapema kuliko sikio. Lakini hatari hizo hupunguzwa kwa jiko lililozungushiwa kizuizi, kisima chenye mfuniko, na jirani anayeitika, na hayo ndiyo yanayomlinda pia mtoto wa mama mwenye kuona aliyegeuka kidogo tu kuchochea moto. Tena, usalama una upande wa pili ambao pingamizi hilo huusahau. Mtoto anayetoka shuleni ili awe kiongozi wa njia hayuko salama. Fimbo nyeupe na mafunzo ya kuitumia, vikimfikia mzazi, humrudisha mtoto darasani. Haki ya mzazi na haki ya mtoto hapa hazishindani.

Kuhusu msaada wa ndugu, kipimo kinachopendekezwa ni chepesi. Bibi, shangazi au jirani wanaposaidia, iulizwe mtoto anapolia huenda kwa nani, na anapoomba ruhusa humwomba nani. Iwapo bado ni kwa mzazi wake, msaada huo umelea pamoja naye. Iwapo si kwake tena, msaada umechukua nafasi yake, hata kama ulitolewa kwa upendo.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba picha ya mtoto anayemtangulia mzazi asiyeona imejengwa na msamiati unaotanguliza jicho, na na simulizi zinazomponya mzazi au kumnyang'anya watoto badala ya kumwonesha akilea. Umeonesha pia kwamba ndani ya lugha na simulizi hizohizo yamo mambo yanayoirekebisha picha hiyo: sikio la Isaka lililosema kweli, mikono ya Yakobo iliyokataa kusogezwa, sauti ya Tobiti, na methali inayokiri kwamba mkono mmoja haulei mwana. Fasihi ya Kiswahili bado inamdai msomaji wake mama asiyeona anayemwogesha mtoto mchanga bila kuponywa mwishoni mwa hadithi. Kwa upande wa taasisi, kliniki, shule na ofisi za ustawi wa jamii zinaweza kuanza na jambo dogo: kumsomea mzazi huyo kilichoandikwa kuhusu mtoto wake, na kumsemesha yeye mwenyewe badala ya kumsemesha mtoto aliyeshika fimbo.